Kijana Akikosekana Uwanjani: Niliyojifunza Nikifundisha Kandanda Likoni

Nimefundisha kandanda ya vijana Likoni, upande wa kusini wa kivuko cha Mombasa, tangu siku zile ambazo mzazi akiona mwanawe hajarudi nyumbani hakusubiri kupambazuke ndipo aanze kuulizia. Kila baada ya shambulio au msako hujitokeza watu wenye nia njema wakiuliza kama michezo inaweza kuwaokoa vijana na makundi ya itikadi kali, na majibu wanayopewa huwa mepesi mno. Huambiwa kwamba mpira huwashughulisha vijana, kwamba kijana aliyechoka kwa mazoezi hana nguvu za kufanya uovu. Mimi sijaona mpira ukimzuia mtu kwenda anakotaka kwenda. Nilichoona ni kwamba mpira humpa mtu mzima ambaye si mzazi wala askari haki ya kumwuliza kijana, "Jana ulikuwa wapi?" na kijana akajibu bila kuhisi kwamba anashukiwa. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yametokana na haki hiyo, jinsi inavyopatikana na jinsi inavyopotea.

Likoni iliwahi kusajiliwa vijana wake kwa ajili ya vita kabla jina la Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, halijasikika kwetu. Tarehe 13 Agosti 1997 kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kuiba bunduki, na katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 wakauawa na maelfu wakahama makwao, wengi wao wakiwa majirani zetu waliotoka bara. Vijana wale walikuwa wamekusanywa msituni huko Kaya Bombo, Kwale, wakalishwa kiapo na kuahidiwa ardhi na kazi. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba ya mwaka huo huo, na hesabu za nani ahame na nani abaki zilipigwa na watu wazima. Waliokuja miaka kumi na mitano baadaye wakizungumzia Somalia walikuta malalamiko yale yale hayajajibiwa. Familia nyingi za Likoni zilikuwa bado zinaishi kama maskwota juu ya shamba la ekari 930 ambalo hati zake hazikugawiwa hadi Januari 2016. Kijana aliyemwona babu yake akizeeka juu ya ardhi asiyoimiliki hahitaji kufundishwa kwamba ameonewa. Anachokosa ni mtu wa kumwambia afanye nini kuhusu hilo, na mtu huyo anaweza kuwa yeyote atakayewahi.

Kipindi kilichotuumiza zaidi kilianza Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyeshutumiwa kuunga mkono Al-Shabaab, alipopigwa risasi na kuuawa na mji mzima wa Mombasa ukatumbukia katika ghasia. Februari 2014 polisi waliingia Msikiti Musa, Majengo, wakakamata watu zaidi ya 100. Tarehe 23 Machi mwaka huo watu wenye silaha waliingia katika kanisa hapa hapa Likoni wakati wa ibada ya Jumapili na kuwamiminia waumini risasi. Tarehe 1 Aprili, Abubakar Shariff, mhubiri mwenzake Rogo aliyejulikana kwa jina la Makaburi, naye akauawa. Uwanjani matokeo yake yalionekana mara moja. Wazazi Wakristo waliwazuia watoto wao wasije kwa kuhofia kushambuliwa, na wazazi Waislamu wakawazuia wao kwa kuhofia misako, kwani kijana wa Kiislamu aliyeonekana amesimama na wenzake jioni alikuwa tayari ana kesi ya kujibu. Kuna jioni tulifanya mazoezi tukiwa hatutoshi hata timu moja, na waliokuwapo walizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliofiwa.

Katika miezi ile ndipo nilipoacha kuamini hoja ya kuwashughulisha vijana. Walioondoka, kwa wale niliowajua, hawakuwa wazururaji. Mmoja alikuwa akipata kibarua cha kupakua mizigo karibu kila juma. Mwingine alikuwa winga wetu wa kulia, mwepesi na mwenye nidhamu, aliyefika mazoezini kabla yangu. Kwa hakika nidhamu ndiyo iliyomfanya apendwe na waliomchukua, kwa sababu kundi la wapiganaji linahitaji watu walewale ambao timu nzuri inawahitaji: wanaofika kwa wakati, wanaovumilia maumivu, wanaowajali wenzao kuliko nafsi zao na wanaomtii kiongozi. Anayeanzisha timu ya vijana huku akidhani kwamba udugu wa timuni ni jambo jema kwa asili yake atafakari kwamba udugu huo huo ndio unaouzwa upande wa pili, tena pamoja na ahadi ya mshahara na ya pepo.

Hata viongozi wa makundi hayo walijua uzito wa mpira. Mwaka 2010 makundi yenye silaha yaliyotawala sehemu kubwa ya kusini mwa Somalia yaliwapiga watu marufuku kutazama Kombe la Dunia, na usiku wa fainali, tarehe 11 Julai, mabomu ya Al-Shabaab yakalipuka Kampala katikati ya watu waliokuwa wakitazama mechi kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mkahawa wa Kihabeshi, wakafa zaidi ya 70. Juni 2014 Al-Shabaab waliposhambulia Mpeketoni, Lamu, watu walikuwa wamekusanyika tena kutazama Kombe la Dunia. Na bado, wakati huo huo, wasajili wao huku kwetu hawakuuchukia mpira hata kidogo. Walikuja nao.

Kulikuwa na bwana mmoja mpole, mwenye kanzu safi na maneno machache, aliyeanza kuhudhuria mazoezi yetu akikaa kivulini chini ya mwarobaini. Alituletea maji ya kunywa, kisha akaleta njumu za mitumba kwa waliokuwa wakicheza miguu mitupu. Hakuwahi kuhubiri uwanjani. Baada ya muda nilianza kuona kwamba vijana aliowaalika nyumbani kwake kwa darasa baada ya sala ya Isha walikuwa wa aina moja: niliokuwa nimewaacha benchi mechi iliyopita, aliyepigwa kadi nyekundu na kuzomewa na mashabiki wetu wenyewe, aliyegombana na baba yake. Hakuwa na haja ya kuchunguza mtaa mzima kujua nani ameumia moyo, maana orodha yake ilikuwa ni kikosi changu cha Jumamosi kikisomwa kutoka chini kwenda juu. Siku baba wa mtoto mmoja alipomwuliza jina la ukoo wake na mji aliotoka, alikwenda zake na hatukumwona tena.

Tangu hapo hatumkati mchezaji. Tuna timu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asiyefaa kwa yoyote kati ya hizo hupewa kibendera, au hufundishwa sheria kumi na saba za mchezo hadi aweze kushika kipenga katika mechi za watoto. Makocha wenzangu wa timu zinazosaka ubingwa hunicheka, na wana haki, kwa sababu hatujachukua kombe lolote la kutajika. Lakini kocha akitaka ubingwa lazima aache watu, na mimi najua wanaoachwa hufuatwa na nani.

Mazoezi yetu huanza baada ya Alasiri na humalizika kabla ya adhana ya Magharibi. Hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa wapo waliosema mpira unawapotezea vijana sala, na jibu pekee lililowanyamazisha lilikuwa ni kuwaona vijana wakitoka uwanjani kwenda kutawadha. Bukta tulizishona ndefu kupita magoti baada ya maalim wa madrasa ya jirani kutuomba hivyo, na mwezi wa Ramadhani mechi huchezwa usiku baada ya tarawehe, kama ilivyo desturi katika mitaa mingi ya Pwani. Wachezaji Wakristo hawakuona shida na lolote katika hayo, ila walilalamika kwamba bukta ndefu zina joto. Maalim yule alianza kuja kutazama, kisha akawa mshauri wetu, na msaada wake baadaye ulikuwa mkubwa kuliko wa ofisi yoyote.

Saa inayonipa kazi zaidi ni ile inayofuata mazoezi. Nje ya uwanja kuna mama anayeuza viazi karai na juisi ya ukwaju, na vijana hukaa pale wakila, wakibishana kuhusu mabao ya Ligi Kuu ya Uingereza na kutazama simu zao. Nikiwa na haraka ya kurudi nyumbani sijui lolote. Nikikaa nao, nasikia nani amefukuzwa shule kwa karo, nani ameanza kutafuna muguka hadi usiku wa manane, nani amepata "ndugu" mpya mwenye pikipiki.

Chombo changu cha kazi ni daftari la mahudhurio, daftari la kawaida la kurasa 96 kama wanayotumia watoto wa shule. Ndani yake kuna majina, tarehe na tiki, na pembeni nukta kwa yule aliyekuja akakaa pembeni bila kucheza. Kanuni yetu ni nyepesi: mtu akikosa mara mbili mfululizo bila taarifa, nahodha wake au mimi huenda nyumbani kwao. Tunakwenda kwa kila mtu, mgonjwa wa malaria na aliyepata kibarua pia, ili ziara yenyewe isimtie mtu yeyote alama. Mara nyingi tunakuta jambo dogo na tunakunywa chai. Lakini kwa kuwa tumekwisha kuzoeleka katika nyumba zote, siku kunapokuwa na jambo kubwa mlango uko wazi.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mama wa beki wetu wa kushoto, kijana wa miaka 17. Nukta zilikuwa zimejaa mbele ya jina lake, kisha tiki zikakoma kabisa. Watu wengi hutafuta dalili katika ndevu na suruali iliyokatwa juu ya kifundo, na hapo huwaumiza vijana wasio na hatia, kwa kuwa wengi wa wachezaji wangu walioongeza ibada waliongeza pia adabu na kuacha bangi. Kilichonitia wasiwasi kwa huyu ni kwamba alikuwa akiwakata watu mmoja baada ya mwingine. Aliacha kumpa mkono kipa wetu ambaye ni Mkristo na aliyesoma naye tangu chekechea, akaacha kumjibu binamu yake, akaacha kula nasi.

Nilipopiga hodi mama yake alinikaribisha, akaniuliza, "Mwalimu, kuna salama? Leo si siku ya mpira."

"Salama, mama. Nimekuja kumjulia hali kijana wako, sijamwona uwanjani."

Alikaa kitako juu ya mkeka, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata mimi, mwalimu, namwona tu anapopita. Siku hizi hali chakula changu. Ananiambia pesa yangu ni haramu kwa kuwa hoteli ninayopika huko Diani inauza pombe. Na ada yake ya shule imetoka wapi miaka yote hii?"

Mimi si mtu wa kufasiri dini na sikujaribu. Nilimwendea maalim, aliyemfundisha kijana yule alifu na be, naye akaenda kumwona peke yake, baada ya Isha, mara kadhaa. Sikuelezwa yote waliyozungumza, ila najua walirudi tena na tena kwenye suala la radhi ya mzazi, na kwamba maalim alimwambia amlete huyo anayemfundisha mambo mapya ili wajadiliane mbele yake. Huyo mtu hakuja. Kwa upande wangu nilimwomba kijana anisaidie Jumamosi asubuhi na watoto wa chini ya miaka 12, kwa sababu nilikuwa nahitaji mtu kweli na kwa sababu ni vigumu kudumisha chuki ukiwa umezungukwa na watoto wanaogombania kushika mkono wako. Alikuja kwa kununa, akarudi juma lililofuata, na kwa muda mrefu alikuwa akifundisha watoto bila kucheza na wenzake. Kupeana mkono na kipa kulichukua muda zaidi. Leo ni fundi wa majokofu Ukunda, na mama yake bado anapika katika hoteli ile ile.

Winga wa kulia niliyemtaja mwanzo hatukumpata. Aliaga kwamba anakwenda Malindi kwa shughuli za uvuvi, na baada ya miezi mingi familia yake ilipigiwa simu kwa namba wasiyoijua, ikaambiwa maneno machache kwa Kiswahili kwamba mtoto wao amekufa shahidi. Hawakupewa mwili wala kaburi. Sioni kwamba tungefanya mambo kwa namna fulani tungempata, na siwaamini wanaodai kwamba mradi wao haujampoteza mtu.

Suala la polisi ndilo lililotugawa zaidi sisi wenyewe makocha. Kuna wakati maofisa walikuja wakiomba orodha ya vijana wetu, hasa waliokosa mazoezi, na ombi lilikuwa la heshima. Tulikataa kutoa daftari. Tulieleza kwamba tukijua mtu yuko katika hatari ya kuua au kuuawa hatutanyamaza, lakini kijana akijua kwamba tiki yake inasomwa kituoni hatakuja tena, wala mama yake hatatufungulia mlango. Mwaka huo huo wa 2014 uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulitumiwa kuwaweka watu waliokamatwa katika msako uliowalenga Wasomali hasa, na vijana wetu walikuwa wameziona picha hizo. Kwao uwanja wa michezo na seli vilikuwa vimeshakuwa jambo moja.

Hofu yetu ina ushahidi. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha mwaka 2017 utafiti uliowahoji mamia ya watu waliojiunga kwa hiari yao na makundi ya itikadi kali barani Afrika. Walipoulizwa ni tukio gani hasa liliwasukuma kuchukua uamuzi, asilimia 71 walitaja hatua iliyochukuliwa na serikali, ikiwamo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Hilo sisi tumeliona kwa macho. Baada ya msako mmoja wachezaji wetu kadhaa walilala korokoroni kwa kosa la kuwa wamekaa kijiweni, na waliporudi mazungumzo yao kwenye viazi karai yalikuwa yamebadilika kwa juma moja kuliko ambavyo msajili yeyote angeweza kuyabadilisha kwa mwaka. Tangu wakati huo tunaweka namba ya wakili anayejitolea, na mtu akikamatwa mmoja wetu hufika kituoni usiku huo huo, akiwa na cheti cha kuzaliwa na picha ya timu. Mechi za kirafiki kati ya polisi na vijana zimefanyika pia, na wapiga picha wamezipenda. Faida yake niliyoiona ni moja tu, kwamba baada ya mechi hizo kuna ofisa anayepokea simu yangu na kuniambia kijana yuko seli gani.

Kuhusu mashindano ya siku moja yenye hema, vipaza sauti na fulana zilizoandikwa maneno ya kupinga ugaidi, nitasema kwa ufupi. Timu yetu ilivaa fulana hizo mara moja, na kwa msimu mzima uliofuata mashabiki wa timu pinzani waliwaita vijana wetu magaidi waliotubu. Jezi zetu sasa zina namba na jina la mtaa. Fedha za mashindano kama hayo zingetosha kuwalipa makocha wawili posho ya mwaka mzima, na kocha anayelipwa nauli yake hukaa hadi Isha.

Swali la kuchanganya Waislamu na Wakristo nalo lina ncha nyingi kuliko inavyosemwa. Baada ya shambulio la kanisani, viongozi walitaka tufanye mechi kati ya vijana wa kanisa na vijana wa msikiti. Niliipinga, kwa sababu mechi ya namna hiyo humfundisha kijana kwamba wa dini nyingine ni mpinzani wake, tena mbele ya mashabiki. Tulichofanya ni kuwachanganya ndani ya kila timu, kwa mitaa. Miaka michache baadaye nilifurahi kusoma matokeo ya jaribio la mtafiti Salma Mousa kule kaskazini mwa Iraki, lililochapishwa mwaka 2020. Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na kundi la Dola la Kiislamu waliwekwa katika timu za kandanda, nyingine zikiwa na Wakristo watupu na nyingine zikiongezwa wachezaji Waislamu. Waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena katika timu iliyochanganyika na kuendelea kufanya mazoezi nao miezi kadhaa baadaye, lakini wema huo haukuwafikia Waislamu wasiowajua nje ya uwanja. Ndivyo ilivyo Likoni pia. Kipa wetu anapendwa na kila beki aliyewahi kucheza mbele yake, na baadhi ya mabeki hao hao huwasema vibaya watu wa bara kana kwamba kipa huyo alishuka kutoka mwezini. Mpira umewapa rafiki mmoja, na hilo nalipokea kwa shukrani bila kulidai liwe zaidi ya hapo.

Kwa muda mrefu wasichana hawakuwamo katika hesabu zetu, na aliyetutikisa hakuwa mfadhili. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu walikishambulia Kituo Kikuu cha Polisi cha Mombasa na wakauawa humo. Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya jirani alikuja kuniuliza nina daftari gani la dada za wachezaji wangu. Alianzisha netiboli, akajenga ukuta wa magunia kuzunguka kiwanja ili wasichana wacheze wasitazamwe na wapita njia, na mahudhurio yake yamekuwa bora kuliko yangu miaka yote. Ameniambia kwamba kwa wasichana ahadi inayotolewa huwa aghalabu ni ndoa au kazi ya mbali, na kwamba huja kwa simu zaidi kuliko kwa mtu wa kuonekana. Kwa hiyo anachofuatilia yeye ni nani anajificha akizungumza na simu.

Kijana akifika miaka 19 mpira humwishia, kwa maana ya kwamba anajua hatakuwa mchezaji wa kulipwa na nyumbani wanamngoja alete unga. Hapa klabu ya mtaa ina uwezo mdogo, lakini jambo moja limetusaidia bila kulipanga. Kusajili mchezaji katika ligi kunahitaji kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na tuligundua kwamba wengi hawakuwa na chochote, na wengine walirudishwa mara kwa mara wakitakiwa kuleta hati za babu zao. Tukaanza kuwasindikiza kwa chifu na kwa ofisi ya usajili kwa makundi, jezi mwilini. Kijana asiye na kitambulisho hapati kazi bandarini, hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, na akikutana na askari usiku hana la kujieleza. Ukitaka kujua kwa nini maneno kwamba nchi hii si yako humwingia mtu, mfuate kwenye foleni hiyo.

Jambo tulilo nalo mkononi sasa ni la mtu aliyerudi. Aprili 2015, baada ya wanafunzi na walinzi 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia wakijisalimisha. Wengi hawakujitokeza, kwa kuwa waliorudi Likoni na Kwale waliwindwa na wenzao wa zamani, na wengine waliuawa na watu wasiojulikana. Huyu wa kwetu alirudi kimya kimya, akahojiwa, akaachiliwa, na siku moja alikuja uwanjani akasimama nyuma ya goli. Wazazi walikuja juu, na sikuwalaumu. Tulichokubaliana, kwa pendekezo la maalim, ni kwamba asicheze na vijana. Alipelekwa kwenye timu ya wazee wa Jumapili asubuhi, yaani akina baba wenye vitambi, wavuvi, makuli na mwendesha tuk-tuk mmoja, mahali ambapo kila anayemhofia angeweza kumtazama kwa karibu na yeye asingekuwa na kijana wa kumsimulia alikotoka. Wapo walioacha kuja kwa sababu yake. Wengine humpa pasi, na mmoja amempa kazi ya kupaka rangi mashua.

Sasa ameomba kutusaidia kufundisha watoto, na maalim anaunga mkono, akisema kwamba hakuna atakayeweza kuwaeleza vijana ukweli wa kule kama mtu aliyeuona. Mimi nimesema bado. Simulizi ya vita, hata ikisimuliwa kwa majuto, ina utamu wake kwa mtoto wa miaka 13, na sijui jinsi ya kuitoa utamu huo. Aidha, siku atakapopewa watoto atakuwa na jina na anwani inayojulikana na kila mtu, pamoja na wale wanaomtafuta. Mwalimu wa netiboli amependekeza azungumze na wazazi kwanza, bila watoto, na wazazi watakutana baada ya Idi kuamua kama wanataka kumsikiliza.